Wakorea wa Japani (Zainichi): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

MAMBO YA MWANZO

1. Zainichi ni akina nani?

Neno ni la Kijapani. *Zai* ni kuwepo mahali, *nichi* ni kifupi cha Japani. Ukiunganisha unapata "aliyepo Japani", maelezo yanayomtosha hata mtalii aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Lakini mtu wa Osaka akikutajia zainichi, ana maana ya Wakorea ambao wazee wao walifika Japani wakati Korea ikiwa koloni lake, kati ya 1910 na 1945, pamoja na uzao wao. Leo wengi ni wajukuu na vitukuu. Wamezaliwa huko, Kijapani ndiyo lugha yao ya kwanza, na bado neno linalowataja linawachukulia kama watu waliopita kusalimia.

2. Wako wangapi?

Inategemea unahesabu karatasi au ukoo. Wenye ukaazi maalumu wa kudumu (tazama swali la 9) sasa hawafiki laki tatu, na kila mwaka wanapungua. Mwaka 1991 Wakorea wote walioandikishwa Japani walikaribia 700,000, na wengi wao walikuwa wa kundi hili.

Hawa waliopungua si kwamba wamehama. Wazee wanafariki, zaidi ya laki tatu wamechukua uraia wa Japani tangu 1952, na wengi wameoana na Wajapani, watoto wao wakaandikwa Wajapani. Sensa ya Japani haiulizi mtu asili yake, kwa hiyo anayebadili uraia anatoweka kwenye hesabu ya Wakorea siku hiyohiyo, hata kama jioni anarudi kula kimchi ya bibi yake meza ileile.

3. Na wale wa Shin-Okubo kule Tokyo, kwenye maduka ya vipodozi na picha za waimbaji?

Wengi wao ni wengine kabisa. Korea Kusini ililegeza safari za nje kwa raia wake mwaka 1989, ndipo wanafunzi na wafanyabiashara wakaanza kumiminika. Hao ni wageni wa kawaida wenye viza. Mgeni mpya anaongea Kikorea kama maji na Kijapani kwa kujikongoja. Zainichi mara nyingi ni kinyume chake. Kama umeifahamu Korea kupitia tamthilia, hao wa Shin-Okubo ndio utakaowatambua haraka. Ukurasa huu unahusu wale wengine.

WALIVYOFIKA

4. Kwa nini walikwenda kwa mtawala wao?

Njaa na ardhi. Kati ya 1910 na 1918 serikali ya kikoloni ilipima mashamba yote ya Korea, na wakulima wengi wasio na hati wakajikuta wapangaji juu ya udongo walioulima tangu mababu. Mchele ukawa unasafirishwa kwenda Japani. Upande wa pili viwanda vya Osaka vilitaka mikono ya bei rahisi. Kuanzia miaka ya 1920 meli iitwayo Kimigayo Maru ilikuwa ikienda na kurudi kati ya kisiwa cha Jeju na Osaka, na ndiyo sababu mpaka leo ukiuliza asili ya familia za mtaa wa Ikuno jibu la kwanza ni Jeju.

Mwaka 1930 walikuwa kama laki tatu. Vita vilipokwisha mwaka 1945 walikuwa karibu milioni mbili.

5. Basi walikwenda kwa hiari au walipelekwa kwa nguvu?

Yote mawili, na watu hugombana sana kwa sababu kila upande huchagua nusu moja. Kabla ya 1939 wengi walikwenda kutafuta riziki wenyewe, kama neno hiari linamfaa mtu aliyepoteza shamba. Kuanzia 1939 Japani iliandaa mpango wa kukusanya vibarua Korea kwa ajili ya migodi ya makaa ya mawe, mabwawa na viwanda vya silaha. Mwanzoni kwa wakala wa kuandikisha watu, baadaye kwa shinikizo la serikali, na mwaka 1944 kwa amri ya sheria. Wengi waliochukuliwa namna hii walirudi kwao mara tu vita vilipokwisha. Waliobaki, ambao ndio chimbuko la zainichi wa leo, kwa sehemu kubwa walikuwa wale wa mwanzo, waliokwisha kuwa na familia na nyumba.

6. Nini kilitokea mwaka 1923?

Tarehe 1 Septemba 1923, dakika mbili kabla ya saa sita mchana, tetemeko kubwa liliipiga Tokyo na Yokohama. Majiko ya chakula cha mchana yalikuwa yakiwaka, moto ukatembea, na watu zaidi ya laki moja wakafa. Kabla moshi haujaisha ulienea uvumi kwamba Wakorea wanatia sumu visimani na kuchoma nyumba. Sungusungu wa mitaa, wenye mikuki ya mianzi na mapanga, waliweka vizuizi barabarani. Polisi na askari nao walishiriki. Waliouawa ni maelfu. Idadi inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya 6,000.

Kizuizini mtu alitakiwa kutamka "yeni kumi na tano na seni hamsini": *jūgo-en gojissen*. Kikorea hakianzi neno kwa sauti nzito ya *j* au *g*, kwa hiyo ulimi wa Mkorea ulielekea kusema *chūgo-en kochissen*. Walikufa pia Wachina, na Wajapani wa mikoani wenye lafudhi ya kwao.

Kila Septemba mosi hufanyika kumbukumbu katika bustani ya Yokoamicho, Tokyo. Magavana wa jiji walizoea kutuma salamu za rambirambi. Tangu 2017 gavana Koike Yuriko ameacha kutuma.

7. Mbona hawakurudi wote mwaka 1945?

Wengi walirudi: kama milioni moja na nusu ndani ya mwaka mmoja hivi. Waliobaki walikuwa kama laki sita. Anayerudi aliruhusiwa kubeba yeni 1,000 tu na mzigo wa ratili 250. Jasho la miaka ishirini halienei hapo. Korea yenyewe ilikuwa imegawanywa, kuna kipindupindu, hakuna kazi, na waliotangulia walituma habari mbaya. Kisha mwaka 1948 Jeju ikalipuka. Uasi ulioanza Aprili 3 ulizimwa kwa mauaji ya makumi ya maelfu ya wanakisiwa, na baadhi ya walionusurika walivuka usiku kwa mashua kwenda kwa ndugu zao Osaka, bila kibali chochote. Mwaka 1950 vikaja vita vya Korea. Nafasi ya kurudi ikafungwa.

URAIA NA MAKARATASI

8. Wakati wa ukoloni walikuwa raia wa Japani. Ilikuwaje wakawa wageni?

Hili ndilo swali lenyewe, na majibu mengi ya ukurasa huu yanarudi hapa.

Kuanzia 1910 kila Mkorea alihesabiwa kisheria kuwa raia wa dola la Japani, ingawa aliandikwa kwenye daftari la ukoo tofauti na la Wajapani. Mwanamume wa Kikorea aliyeishi Tokyo aliweza kupiga kura. Mkorea mmoja, Park Chun-geum, alichaguliwa kuwa mbunge kutoka Tokyo mara mbili, 1932 na 1937 (Wakorea wenzake hawamkumbuki kwa mapenzi, maana alikuwa mtetezi wa utawala).

Desemba 1945 haki ya kura ilisimamishwa. Mei 2, 1947, siku moja kabla ya katiba mpya kuanza kazi, ikatoka amri kwamba Wakorea "kwa muda" watachukuliwa kama wageni: wajiandikishe, watembee na kitambulisho. Aprili 1952, siku chache kabla ya mkataba wa San Francisco, mkataba wa amani kati ya Japani na walioishinda vitani, kuanza kazi, ofisi moja ya mambo ya sheria ilitoa waraka: kuanzia Aprili 28 Wakorea wote, wakiwemo wanaoishi Japani, hawana tena uraia wa Japani. Bunge halikupitisha sheria juu ya jambo hilo, na hakuna aliyeulizwa anachagua nini. Mtu alilala raia akaamka mgeni, nyumba ileile, kazi ileile, na kodi ileile.

9. "Ukaazi maalumu wa kudumu" ndiyo nini?

Kwa Kijapani ni *tokubetsu eijū*. Ni hadhi iliyowekwa na sheria ya mwaka 1991 kwa waliopoteza uraia mwaka 1952 na uzao wao. Kabla ya hapo mambo yalikuwa viraka: mkataba wa Japani na Korea Kusini wa 1965 uliwapa ukaazi wa kudumu wale tu waliojiandikisha kuwa raia wa Korea Kusini, wengine walisubiri hadi 1982, Japani ilipoingia mkataba wa kimataifa wa wakimbizi.

Mwenye hadhi hii haombi upya kukaa, anafanya kazi yoyote ya binafsi, na ni vigumu mno kumfukuza nchini. Uwanja wa ndege hachukuliwi alama za vidole kama wageni wengine. Hilo la vidole lina historia. Kuanzia 1955 kila mgeni mkazi alipakwa wino kidoleni, mtoto wa zainichi akifika umri akaitwa ofisi ya manispaa kana kwamba amekamatwa. Mwaka 1980 Han Jong-sok alikataa, maelfu wakamfuata, wengine wakashtakiwa na kunyimwa kibali cha kutoka nchini na kurudi. Utaratibu huo uliondolewa kwa wakaazi wa kudumu mwaka 1993.

10. Mtoto akizaliwa Japani si anakuwa Mjapani?

Hapana. Uraia wa Japani hufuata wazazi, haufuati mahali pa kuzaliwa. Na hadi 1984 ulifuata baba tu: mama Mjapani na baba Mkorea walizaa mgeni. Tangu 1985 mzazi mmoja yeyote anatosha.

11. Si waombe tu uraia, mambo yaishe?

Wengi wameomba, na siku hizi si jambo la kulaumiana kama zamani. Lakini swali lina mtego. Anayeambiwa "omba" ni mtu ambaye babu yake alikuwa nao ukaondolewa kwa waraka; kwa wengine kuomba ni kama kubisha hodi nyumbani kwako. Tena kwa miaka mingi maofisa walimsukuma mwombaji achukue jina la Kijapani, shinikizo lililolegea katikati ya miaka ya 1980. Mtu aliyekumbuka amri ya 1940 ya kubadili majina (swali la 15) hakuona tofauti kubwa. Japani pia haitaki mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili.

12. Kwenye kitambulisho imeandikwa "Chōsen". Ni raia wa Korea Kaskazini?

La. Kosa hili hufanywa hata na waandishi wa habari. Mwaka 1947, Wakorea walipoandikishwa kama wageni, hapakuwa na nchi ya Kusini wala ya Kaskazini. Zote mbili zilitangazwa 1948. Ofisi ikaandika *Chōsen*, jina la kale la rasi yote. Waliotaka wakabadilisha baadaye kuwa *Kankoku*, yaani Korea Kusini. Wasiobadilisha wakabaki na neno la eneo, na Japani haiitambui Kaskazini hata iweze kumwandika mtu raia wake. Waliobaki hivyo hawafiki 25,000.

Wapo wenye mapenzi na Kaskazini. Wapo pia wanaosema tu: babu aliondoka nchi ikiwa moja, sichagui nusu. Gharama yake huonekana safarini. Wengi hawana pasipoti ya taifa. Wanasafiri kwa kitabu cha kibali cha kurudi kinachotolewa na Japani, na kila mpaka wanaanza kueleza upya. Kuingia Korea Kusini kunahitaji kibali maalumu, na mlango hufunguka au kubana kutegemea nani anatawala Seoul.

KASKAZINI, KUSINI NA SHULE

13. Ni kweli maelfu walihamia Korea Kaskazini?

Ni 93,340, kuanzia Desemba 14, 1959, meli ya kwanza ilipong'oa nanga bandari ya Niigata, hadi 1984. Kati yao walikuwemo wake wa Kijapani kama 1,800. Wengi wa waliopanda meli asili yao ilikuwa kusini. Kaskazini hawakuwahi kuiona.

Walikwenda kwa sababu Japani walikuwa maskini, bila kazi ya maana, na jumuiya ya Chongryon iliwahubiria "pepo ya duniani" yenye shule, nyumba na matibabu ya bure. Magazeti ya Japani yalishangilia, serikali ya Japani ikafurahi kuwapunguza, na vyama vya Msalaba Mwekundu vikasimamia. Miaka miwili ya mwanzo ndiyo iliyobeba wengi; kisha barua zikaanza kufika zikiomba nguo, dawa, sabuni, na kila aliyesoma kati ya mistari akaelewa. Waliobaki Japani walituma vifurushi na hela kwa miongo, na pia wakafunga midomo, kwa kuwa ndugu zao walikuwa mikononi mwa watawala wa Kaskazini.

Chongryon iliundwa 1955 na kuegemea Kaskazini. Mindan, iliyoundwa 1946, huegemea Kusini. Zamani ndugu wa tumbo moja waliweza kususiana misiba kwa ajili ya jumuiya hizi. Vijana wa leo wengi hawamo kokote.

14. Shule za Kikorea zinafundisha nini, na kwa nini kuna kesi?

Mara tu baada ya uhuru wa 1945 wazazi walifungua madarasa mabandani ili watoto wajue lugha kabla ya kurudi kwao. Mwaka 1948 shule zikaamriwa kufungwa. Kobe na Osaka watu waliandamana, na Osaka mvulana wa miaka 16, Kim Tae-il, alipigwa risasi na polisi akafa. Baadaye shule zilifufuliwa chini ya Chongryon, na kuanzia 1957 Kaskazini ilituma fedha za elimu. Kusini haikutuma za kulinganishwa, jambo ambalo wazee hulitaja mpaka leo wanapoulizwa kwa nini ukutani palining'inia picha za viongozi wa Pyongyang.

Wanafundisha kwa Kikorea, chenye lafudhi ambayo mtu wa Seoul huitambua baada ya sentensi mbili. Baada ya Kaskazini kukiri mwaka 2002 kwamba iliwateka Wajapani, misaada ya mikoa mingi ilianza kukatwa, na mpango wa ada ya bure kwa sekondari za juu ulioanza 2010 uliziacha nje shule hizi, rasmi mwaka 2013. Shule na wanafunzi walishtaki katika miji mitano na mwishowe wakashindwa.

Si shule zote za Kikorea ziko chini ya Chongryon. Kyoto International, iliyoanza 1947, inatambuliwa na Japani na Korea Kusini pia. Agosti 2024 timu yake ya besiboli ilitwaa ubingwa wa Koshien, mashindano ya taifa ya sekondari za juu, na wimbo wa shule, wa Kikorea, ukaimbwa moja kwa moja kwenye televisheni ya taifa.

MAISHA YA KILA SIKU

15. Kwa nini mtu mmoja ana majina mawili?

Moja la Kikorea, la karatasini au la nyumbani. Jingine la Kijapani, *tsūmei*, la shuleni na kazini. Mizizi yake ni amri ya mwaka 1940 iliyowataka Wakorea wachukue majina ya ukoo ya mtindo wa Kijapani. Baada ya vita wengi waliendelea nalo ili wapate chumba cha kupanga. Son Masayoshi, mwanzilishi wa SoftBank, alikulia katika jina Yasumoto, na alipochukua uraia akang'ang'ania kubaki Son.

16. Ni kweli walibaguliwa kazini, au ni maneno tu?

Mwaka 1970 kijana Park Jong-seok aliomba kazi Hitachi kwa jina lake la Kijapani, akafaulu mtihani, akaajiriwa. Akaombwa nakala ya daftari la ukoo. Akajibu kwamba hana, yeye ni Mkorea. Ajira ikafutwa. Alishtaki, na mwaka 1974 mahakama ya Yokohama ikampa ushindi.

Kwa waliofungiwa milango ya namna hiyo palibaki kujiajiri: vyuma chakavu, kumbi za pachinko (mchezo wa bahati wa mashine), viatu vya plastiki, na migahawa ya nyama choma. Ukishuka stesheni ya Tsuruhashi, Osaka, moshi wa yakiniku unakupokea hata kabla hujatoka kwenye jukwaa la treni. Leo ni chakula cha kila Mjapani, pamoja na matumbo yaitwayo *horumon*.

17. Na chuki ya mitaani?

Ipo. Desemba 2009 kundi la watu lilisimama nje ya shule ya msingi ya Kikorea Kyoto na vipaza sauti, watoto wakiwa ndani. Mahakama ililiamuru lilipe yeni milioni 12 hivi. Sheria dhidi ya hotuba za chuki ilipitishwa 2016, bila adhabu. Kawasaki ikaenda mbele kwa kanuni yake ya 2019 yenye faini hadi yeni 500,000.

Kijiji cha Utoro, karibu na Kyoto, kinaeleza zaidi. Kilianza kama mabanda ya vibarua wa uwanja wa ndege wa vita. Mabomba ya maji yalifika 1988. Mpaka hapo ni visima. Wakazi walishindwa kesi ya ardhi mwaka 2000, wakaokolewa na michango na fedha za serikali ya Korea. Agosti 2021 kijana wa miaka 22 alichoma nyumba huko, na mabango yaliyotayarishwa kwa maonyesho yakaungua. Makumbusho ya amani ya Utoro yalifunguliwa hata hivyo, Aprili 2022.

HALI ZA PEKEE

18. Wanapiga kura wapi?

Japani, hapana, hata ya diwani. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ilisema katiba haikatazi bunge kuwapa kura ya mitaa, bunge halijawapa. Korea Kusini iliruhusu raia wake walio nje kupiga kura kuanzia uchaguzi wa 2012, kwa hiyo zainichi aliyezaliwa 1940 alishika karatasi ya kura mara ya kwanza akiwa na miaka 72. Wakati huohuo, tangu 2006, wageni wenye ukaazi wa kudumu Korea Kusini, Wajapani wakiwemo, wanapiga kura za mitaa huko.

19. Mchezaji wa mpira anachezea nchi ipi?

Yoyote kati ya tatu. Wengi mtamkumbuka Jong Tae-se, aliyelia machozi wakati wa wimbo wa taifa wa Korea Kaskazini kabla ya mechi na Brazil, Johannesburg, 2010. Alizaliwa Nagoya, ana uraia wa Korea Kusini, alisoma shule za swali la 14, na baadaye alicheza ligi ya Korea Kusini. Lee Tadanari, wa kizazi cha nne, alichukua uraia wa Japani, akaipa Kombe la Asia 2011 kwa bao dhidi ya Australia, jina Lee mgongoni.

20. Wakorea wa China na Urusi nao wako hivi?

Hapana. China iliwafanya raia, na mwaka uleule wa 1952 ikawaundia eneo lao la kujitawala la Yanbian. Wa mashariki ya Urusi waliondolewa wote na Stalin mwaka 1937, zaidi ya 170,000, wakapelekwa kwa treni Kazakhstan na Uzbekistan.

21. Wazee wanalipwa pensheni?

Sharti la uraia kwenye pensheni ya taifa liliondolewa 1982. Lakini waliokuwa wamefikisha miaka 60 ilipofika Aprili 1986 waliachwa nje kabisa, na ndio hasa waliojenga barabara.

22. Na waliopigana katika jeshi la Japani?

Wakorea 148 walihukumiwa na Washirika, nchi zilizoishinda Japani, kama wahalifu wa kivita wa Kijapani, wengi wakiwa walinzi wa kambi za mateka. 23 walinyongwa au kupigwa risasi. Uraia ulipoondolewa Aprili 1952, waliokuwa gereza la Sugamo waliomba waachiwe kwa kuwa si Wajapani tena. Mahakama ikajibu kwamba walikuwa Wajapani walipotenda kosa, wakabaki ndani. Sheria ya kuwalipa askari waliojeruhiwa ilipitishwa mwaka huohuo, ikiwa na sharti la uraia, kwa hiyo zainichi aliyepoteza mguu vitani hakupata kitu. Mwaka 2000 bunge liliwatengea malipo ya mara moja: yeni milioni 4 kwa majeruhi aliye hai, milioni 2.6 kwa familia ya marehemu.